Bi Mifupa na Sanduku Lililoona Chumba Kizima

Habari za asubuhi, wasikilizaji wapendwa. Kama umewasha redio ukitarajia sifa tamu za marehemu mpole aliyependwa na kila mtu, leo umekosea mlango. Tunayemkumbuka hakuwa mpole. Hakupendwa na kila mtu, na hata waliompenda walimpenda kwa tahadhari, kama mtu anavyobeba sufuria ya uji wa moto.

Mtaani alikuwa akiitwa Bi Mifupa. Maisha yake yote ya kazi yalipita katika chumba cha eksirei hospitalini, akipiga picha za mbavu, magoti na mafuvu. Alipostaafu alirudi kuishi nyumbani kwa mama yake. Na huko, mwanamke huyu ambaye hakuwahi kupiga picha ya harusi wala ya pasipoti, alitengeneza kamera yake mwenyewe. Kamera ya mbao, pana kama droo ya kabati. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio: Bi Mifupa, fundi wa eksirei, alitengeneza kamera kwa mikono yake. Alifariki wiki iliyopita, na leo tunamkumbuka kwa kisa cha kamera hiyo.

Lakini kwanza dharau. Huwezi kumweleza Bi Mifupa ukaiacha dharau nje. Alikuwa na msonyo mmoja mrefu, unaoanzia kwenye gego na kuisha pale ambapo wewe huna tena pa kuweka macho. Aliwasonya madaktari. Aliwasonya wagonjwa walioingia na marashi. Siku moja mzee mmoja mwenye mali zake alimuuliza, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusifiwa, kama picha ya kifua chake imetoka vizuri.

"Imetoka," Bi Mifupa akamjibu. "Mbavu ni zilezile za mlinzi wako. Nimetoka kumpiga yeye sasa hivi. Vaa shati."

Binti yake, ambaye ni msusi, anasema mama yake hakuona tofauti ya watu. "Alikuwa akisema, nyinyi mnajipamba nje, mimi nimeshawaona ndani, na ndani hakuna cha kuringia."

Mtu aliyemdharau kuliko wote alikuwa mdogo wake wa kiume. Huyu tutamwita Bwana Taa, kama mtaa mzima unavyomwita. Bwana Taa ana studio ya picha pale kwenye kona, yenye taa kubwa za miavuli na mapazia yaliyochorwa maporomoko ya maji na ngazi za kifahari zisizokwenda popote. Ukiingia kwake na chunusi, unatoka huna. Ukiingia na makunyanzi, unatoka laini kama yai lililomenywa. Watu walimpenda. Harusi bila Bwana Taa haikuwa harusi.

"Mdogo wangu ni mwongo mwenye risiti," ndivyo Bi Mifupa alivyokuwa akimtambulisha kwa wageni.

Na Bwana Taa naye hakuwa mnyonge. Akisikia hivyo hucheka na kusema, "Dada yangu kapiga picha maisha yake yote, na hakuna hata mteja mmoja aliyeining'iniza sebuleni."

Basi, wasikilizaji wapendwa, hawa walikuwa ndugu wa tumbo moja. Walikuwa wakikutana kwa mama yao, kila mmoja akimpa mwenzake kisogo, na chai ikinyweka hivyohivyo.

Mama yao alianguka uani akavunjika nyonga. Ni Bi Mifupa mwenyewe aliyewapigia simu rafiki zake wa zamani hospitalini, akaingia nao kwenye chumba cha eksirei, akaiona filamu kabla ya daktari. Binti yake anakumbuka kwamba siku hiyo hakusonya hata mara moja, na hapo ndipo yeye alipoogopa. Umri wa bibi haukuruhusu upasuaji. Akarudishwa nyumbani, akalazwa kwenye chumba chake cha nyuma, na kila walipojaribu kumsogeza alipiga kelele mpaka majirani wakatoka nje.

Kumbukeni chumba hicho, maana shida yote ilikuwa hapo. Chumba kilikuwa chembamba. Kitanda kilijaa upande mmoja, kabati la nguo upande wa pili, na katikati kijia cha mtu mmoja, tena asiyenenepa. Dirisha moja. Mlango ukifunguka uligonga kabati.

Siku moja mama aliwaita watoto wake akasema, "Nataka picha moja. Nyote humu ndani, na wajukuu, na mimi nikiwemo kitandani pangu. Msinitoe. Picha moja tu."

Kazi ndogo kwa Bwana Taa, sivyo? Alikuja na kamera yake ya bei mbaya, akiwa amevaa fulana yenye jina la studio. Akasimama mlangoni. Akapata miguu ya kitanda na vichwa viwili. Akapanda juu ya stuli. Akapata dari. Akajibanza kwenye kona mpaka mgongo ukachafuka chokaa, akapata nusu ya mama na sikio la kaka yao mkubwa. Bi Mifupa alikuwa ameegemea kabati akimtazama kama mtu anayetazama kuku akijaribu kufungua kufuli.

Mwishowe Bwana Taa akajifuta jasho. "Mama, hakuna shida. Nitampiga kila mmoja peke yake, kisha nitawaunganisha kwenye kompyuta. Hutajua tofauti."

Mama akamwangalia. "Utanishona na wanangu kama viraka?"

"Siku hizi ndivyo inavyofanyika, Mama."

"Mimi nimewazaa mkiwa wazima," mama akasema. "Nipigeni tukiwa wazima, au mniache."

Bi Mifupa akasonya. Msonyo ule mrefu. Bwana Taa akakusanya vyombo vyake. Akiwa mlangoni akageuka: "Unasonya nini? Kama unaweza, piga wewe."

Maneno ya hasira, wasikilizaji. Lakini alimwambia mtu asiyefaa kuambiwa hivyo.

Kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, nyuma ya soko, Bi Mifupa alikuta lenzi ndani ya mkebe wa rangi ya viatu. Ilikuwa ndogo, nzee, ya shaba, na vioo vyake viwili vimebinuka mpaka vikikutana vinakuwa kama gololi. Mbele yake palikuwa na kijifeni cha bati chenye umbo la nyota. Mwenye vyuma hakujua ni nini. Alisema Bwana Taa alishaishika akairudisha, akasema ni kioo cha tochi. Bi Mifupa aliposikia hivyo akaitaka hapohapo. Alimpa yule bwana pasi yake ya umeme, wakaachana kila mmoja akidhani amemlaghai mwenzake.

Nyumbani aliishika lenzi mbele ya dirisha, akaweka karatasi nyembamba nyuma yake. Binti yake alikuwepo. Anasema kwenye karatasi ile kilionekana chumba kizima: kitanda, kabati, dirisha, sakafu na dari kwa pamoja, kichwa chini miguu juu. "Mama akasema, mjomba wako ni kipofu mwenye duka la macho."

Lenzi hiyo, wasikilizaji wapendwa, ilikuwa ya zamani mno na ya ajabu mno. Lenzi ya kawaida hutazama mbele tu kama farasi aliyezibwa macho pembeni. Hii ilitazama mbele na pembeni, karibu mpaka kwenye mabega yake yenyewe. Hapakuwa na kamera ya dukani ya kuibeba. Ilibidi kamera itengenezwe kwa ajili yake.

Akaenda kwa fundi wa majeneza, kwa sababu ndiye seremala pekee aliyeunga mbao bila kuacha upenyo. Akamwambia anataka sanduku fupi, pana, lisiloingiza hata uzi wa mwanga.

Fundi akavua kofia. "Pole sana. Ni la mtoto?"

"Ni la kamera, mjinga wewe."

"Kamera imekufa?"

Aliligomea sanduku la kwanza kwa sababu ya ufa ambao fundi mwenyewe hakuuona. Akaligomea la pili. La tatu akalichukua bila kushukuru, akalipaka ndani rangi nyeusi ya ubao wa shule ili mwanga usirukeruke. Nyuma akatia kioo alichokisugua kwa mchanga laini mpaka kikawa na ukungu, ili picha ipate pa kutua aione. Filamu alizipata hospitalini: filamu za eksirei zilizopitwa na muda, ambazo zingetupwa. Mtunza stoo alimpa boksi zima ili tu aondoke.

Chumba cha kuogea kikawa chumba cha giza. Dirishani blanketi, juu balbu nyekundu, chini mabeseni ya dawa. Familia nzima ikaoga kwa jirani. Bwana Taa alipita kuona, akaliangalia sanduku, akacheka mpaka akashika ukuta. "Dada, hili ni banda la kuku au sanduku la mkate?"

"Ni jela ya picha za uongo," akamjibu, na kufunga mlango. Mtaa mzima ukaliokota lile jina la banda la kuku.

Lakini sitawadanganya. Picha ya kwanza ilikuwa aibu. Katikati ilikuwa nyeupe kama imemwagiwa unga, na pembeni giza tupu. Ya pili hivyohivyo. Ya tatu ilionyesha vizuri sana vidole vyake mwenyewe, kwa sababu lenzi ile iliona hata mkono unaoifunua. Bi Mifupa alijisonya. Binti anasema hakuwahi kumsikia mama yake akijitukana, na alijitukana kwa ufundi uleule aliotumia kwa wengine. "Mwanamke mzima, umepiga mifupa ya nusu ya mji, unashindwa na gololi."

Kosa lilikuwa nyota. Ile nyota ya bati alikuwa ameing'oa, akidhani ni pambo. Akakaa nayo akiigeuzageuza mpaka akaielewa. Lenzi pana vile humwaga mwanga mwingi katikati na kuzinyima pembe. Nyota ilipaswa kuzunguka mbele ya kioo, izuie mwanga wa katikati huku pembe zikila wake, kisha iangushwe kando ili katikati nayo ipate fungu lake. Ilizungushwa kwa pumzi ya mpira wa kuminya, na mpira wa asili ulishaoza. Akatia mpira wa mashine ya kupimia presha. Akauminya, nyota ikazunguka, ikaimba kama mbu.

Picha iliyofuata aliipiga uani. Pembe zote nne zilitoka. Akaitazama, akaiweka ikauke, akaenda kulala mchana.

Wakati huo mama alikuwa anapungua. Alikuwa akila vijiko viwili anageuzia uso ukutani. Basi wakaitwa wote: kaka mkubwa, dada yao wa mwisho aliyesafiri kutoka mbali, wajukuu, na Bwana Taa. Bi Mifupa aliweka sanduku juu ya stendi, mgongo wa sanduku ukigusa ukuta wa mlangoni, kwa sababu hapakuwa na nafasi nyingine. Sakafuni alichora alama za chaki, kila mtu na yake. Akawapanga kama alivyowapanga wagonjwa, kwa kuwasukuma mabega.

Tatizo likawa mwanga. Dirisha moja halikutosha. Bwana Taa, mikono mfukoni, akasema anazo taa mbili ndani ya gari.

"Taa zako zinafaa kukausha nywele," Bi Mifupa akasema.

Sauti ikatoka kitandani. "Kalete taa, mwanangu. Na wewe, binti yangu, kiburi chako kimejaa chumba, hatutapata pa kukaa."

Taa zikaletwa. Narudia, kwa sababu ni haki yake: bila taa za Bwana Taa picha ile isingepatikana. Bi Mifupa hakuwahi kulikubali hilo, lakini leo hawezi kupiga simu hapa redioni kubisha.

Zilipowashwa, Bwana Taa akaacha alama yake ya chaki akasogea mbele, karibu na kamera, ukingoni kabisa. Alizoea kuonekana.

"Rudi nyuma," dada yake akamwambia. "Lenzi hii inavuta kilicho pembeni. Utatoka kama boga."

"Nimepiga picha miaka yote hii. Najua pa kusimama."

"Haya, boga. Simama."

Kisha akasema maneno aliyoyasema maisha yake yote. "Vuta pumzi. Zuia. Msitikisike." Akafunua lenzi. Akaminya mpira, nyota ikaimba. Mama alikuwa ameshika vidole vya mjukuu juu ya shuka, akitazama moja kwa moja kwenye lile sanduku. Nyota ikaanguka kando. Sekunde zikapita. Akafunika.

Picha ilipokauka, alikwenda nayo mwenyewe kitandani kwa mama. Ilikuwa na ukubwa uleule wa filamu, sawa na trei ya chai. Chumba kizima kilikuwemo. Mama katikati, kila kunyanzi mahali pake. Watoto, wajukuu, kabati, dirisha, dawa juu ya stuli. Bwana Taa ukingoni, kichwa kimevutika kuelekea pembeni, taya kama mkate uliopitiliza chombo chake. Na upande wa pili, ukingoni kabisa, mwanamke aliyejibana kwenye kabati, mkono mrefu umeminya mpira, uso nusu, mdomo umekazwa.

Mama alipitisha kidole kwa mmoja mmoja. Alipofika kwa Bwana Taa akatabasamu. "Kichwa kimekuwa boga, lakini ni yeye." Akafika ukingo wa pili. Kidole kikakaa hapo. "Na huyu?"

"Nimeingia kwa bahati mbaya," Bi Mifupa akasema. "Nafasi ilikuwa finyu."

"Tangu ulipomaliza shule sijapata picha yako hata moja," mama akasema. "Unazikimbia. Sasa nyote mmo."

Bahati mbaya? Binti yake anacheka akiulizwa. Walipomaliza, yeye ndiye aliyefagia chumba. Anasema pale mama yake aliposimama palikuwa na alama ya chaki.

Mama yao alifariki siku chache baadaye, picha ikiwa imeegemezwa kwenye glasi ya maji karibu na kichwa chake.

Sasa sikilizeni lililofuata. Bwana Taa aliomba aiazime filamu ili aikuze kwa ajili ya msiba. Akapewa. Na siku ya mazishi ikaletwa picha kubwa, yenye fremu ya dhahabu na muhuri wa studio yake chini. Mama alikuwa amelainishwa, hana kunyanzi hata moja, kama mtu ambaye hakuishi. Bwana Taa alikuwa na kichwa kizuri cha duara. Ukingo wa pili haukuwepo. Aliukata. Picha haikukaa sawa, alieleza baadaye, ule mkono ulikuwa unavuruga mpangilio.

Waombolezaji waliisifu. Walewale walioliita sanduku banda la kuku walisimama mbele ya ile fremu wakisema, "Ama kweli Bwana Taa ana kipaji." Kuna watu, wasikilizaji wapendwa, ukiwapa kioo watakisifu kwa fremu.

Bi Mifupa alisimama mbele ya picha hiyo kwa muda. Hakuzua ugomvi. Akamwambia mdogo wake, kwa sauti ya chini ambayo binti peke yake aliisikia, "Mama alituomba tuwe wazima." Akaidai filamu yake, akaondoka nayo.

Hawakusemeshana tena. Miaka ikapita. Dada alikuwa akipita mbele ya studio akitazama upande wa pili wa barabara, na Bwana Taa akimwona alijifanya anafuta kioo. Bi Mifupa aliendelea kupiga kwa sanduku lake vyumba vyembamba vya watu wasioweza kutoka: wagonjwa, wazee, mama mmoja aliyejifungua pacha. Aliwatukana wote, akawapa picha zao, akaenda zake. Kisha akaugua yeye. Bwana Taa alitumiwa ujumbe mara mbili. Alifika wiki iliyopita, akakuta viti vimeshapangwa uani.

Binti yake anasimulia kwamba mjomba wake alisimama mlangoni bila kuingia. Akasema, "Mpwa wangu, naomba ile picha."

"Ipi, Mjomba? Unayo yako kubwa dukani."

"Ile haina dada."

Msusi huyu ana ulimi wa mama yake, na alikuwa na haki ya kuutumia. Anasema maneno yalikuwa tayari mdomoni. Alimtazama mjomba wake, mtu mwenye picha za maelfu ya watu wa mji huu, amekuja msibani kwa dada yake bila hata picha moja ya dada huyo. Akaingia ndani akaichukua.

"Usiguse kitu," akamwambia.

"Sigusi."

Bwana Taa akaikuza jinsi ilivyo. Ikawekwa uani juu ya meza: chumba kizima, mama na makunyanzi yake yote, na ukingoni Bi Mifupa na mkono wake mrefu. Na upande wa pili Bwana Taa na kichwa cha boga, kikubwa zaidi kuliko mwanzo, maana picha ilikuwa kubwa. Watu walikuja kutoa pole, wakaitazama, wakauma midomo. Wengine walishindwa wakacheka. Bwana Taa alisimama kando ya meza tangu asubuhi mpaka mazishi, na kila aliyecheka alimjibu kwa utaratibu, kwa kidole: "Ndiyo, huyo ni mimi. Na huyu hapa ni dada yangu. Yeye ndiye aliyepiga."

Wasikilizaji wapendwa, kutoka hapa redioni tunampa pole binti wa marehemu, ndugu zake, na wajukuu. Tunampa pole Bwana Taa, ambaye ametuomba tukiseme kisa hiki chote, pamoja na ule mkasi uliomkata dada yake. Kwa majirani mliomcheka jana na leo mnamlilia, pole zenu mtajipa wenyewe.

Na wewe uliyebaki na sisi mpaka sasa, zima redio kidogo, tazama picha za ukoo wako ukutani. Mtafute asiyekuwemo. Jiulize kama alikimbia mwenyewe au kuna mtu alimkata. Ukishapata jibu, kama mtu huyo yuko hai, nenda kwake leo, hata kama atakupokea kwa msonyo. Mpelekee kiti. Kaa naye humo chumbani kwake, hata kama ni kidogo.